Askari wa Cairo au wa Tabora: nani alimgharimu Mjerumani zaidi?

Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha maki milioni 2 ili afisa wake Hermann Wissmann auzime upinzani wa Bushiri, aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajerumani katika pwani ya Afrika Mashariki. Sasa askari watoke wapi?

Alianzia Cairo. Huko aliandikisha Wasudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wameachishwa kazi katika jeshi la Misri. Mafunzo hayakugharimu sana, maana bunduki walishaizoea na gwaride walilijua. Fedha zilikwenda kwingine: mishahara yao iliwapita wenyeji, na waliletwa kwa meli pamoja na wake na watoto, ambao nao walitaka chakula na pa kulala. Tena Misri ilikuwa chini ya Mwingereza, na baadaye akaubana mlango huo.

Wanyamwezi wa Tabora, Wasukuma na Wamanyema hawakuhitaji nauli ya meli, na walilipwa kidogo. Ila wengi walifunzwa tangu mwanzo, na waliowafunza ni walewale Wasudani, waliokwisha kupanda vyeo vya ombasha na shaushi, yaani koplo na sajenti. Unafuu wa wenyeji ulisimama juu ya gharama iliyokwisha kulipwa Cairo.

Kufikia 1914 jeshi hilo la Mjerumani lilikuwa na askari takriban 2,500 katika kombania 14, wengi wao wenyeji. Kwa hazina, nawapa wenyeji ushindi bila kusita. Kwa wakulima wa kusini wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907, sioni tofauti yoyote: askari wa kundi lolote alichoma ghala lilelile, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.