Faini ya bodi: kulipa ni chap, rufaa ndiyo shughuli

Mimi ni mkandarasi wa majengo, daraja la saba, kazi zangu nyingi ziko Dodoma. Upepo wa huku mnaujua. Uling'oa bango la mradi pale saiti, fundi akaliingiza stoo lisivunjike, na mkaguzi wa bodi ya usajili wa makandarasi akapita mchana uleule. Bango halionekani, faini.

Nianze na malipo, maana hapo serikali imejitahidi kwelikweli. Taarifa ya adhabu ilikuja na kontrol namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, ulipoanza mwaka 2017 wengi tuliuguna, leo sitaki kukumbuka foleni za dirishani. Unalipa kwa simu, benki au kwa wakala, meseji ya uthibitisho inaingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Angalia tarehe ya mwisho tu, kwa sababu namba ikiisha muda haipokei kitu, mpaka uombe nyingine. Angalia na aina ya bili: zipo zinazokubali ulipe kidogokidogo. Yangu ilitaka yote kwa mkupuo, na mkandarasi anayesubiri mteja amlipe ataelewa nilivyokuna kichwa.

Sasa rufaa. Hapo unarudi kwenye makaratasi: barua, nakala ya taarifa ya adhabu, vielelezo, vyote ukavikabidhi masjala. Kilichonibeba ni picha ya bango likiwa stoo, fundi aliyonitumia WhatsApp siku ileile, tarehe na saa vinaonekana. Dada wa masjala alinipokea vizuri, ila ilibidi nimwombe mwenyewe: "Dada yangu, nigongee muhuri na kwenye nakala yangu." Usitoke pale bila muhuri huo. Barua ikija "kutoonekana" utaonyesha nini?

Na kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama ukishalipa bado unaruhusiwa kukata rufaa. Mimi nilijibiwa kwa mdomo kwamba hakuna shida. Jibu la mdomo halina muhuri, nikaandika barua, nikasubiri bila kulipa.

Mwishowe walinipunguzia nusu, bili ya kwanza ikafutwa, nikapewa kontrol namba mpya. Sababu? Mstari mmoja: "Ombi lako limezingatiwa." Kama bango lilikuwepo, hiyo nusu nyingine ni ya nini?

Malipo nawapa nyota tano. Rufaa mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule dada wa masjala.