Ukungu Umetoka, Upande wa Kushoto Umekwenda Nao: Uzoefu Wangu na Fundi wa Lenzi Tanga

Nilikuwa nimekusudia kuandika sifa. Lenzi niliyoipeleka kwa fundi wa kamera hapa Tanga mjini ilirudi ikiwa safi kiasi kwamba nilipoielekeza kwenye taa na kuchungulia kwa nyuma sikuona hata uzi mmoja wa ukungu, na kwa mtu anayeishi kwa kupiga picha katika mji wa pwani hilo si jambo dogo. Sifa hizo nimezifuta. Zimebaki mbili tatu ambazo haki inanilazimisha kuziacha, na msomaji atakutana nazo humu, lakini asizichukue kuwa ndiyo hukumu yangu. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu mji wetu ni mdogo na kwa sababu aliyenikera si duka, bali ni ulimi wa mtu mmoja.

Lenzi yenyewe ni ya milimita 85, uwazi wake mkubwa, yaani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa, ni f/1.8, na anayetaka kujua ina vipande vingapi vya kioo atafute mwenyewe. Niliinunua ikiwa imetumika. Tangu mwaka 2018, Canon walipoleta mfumo wa RF na Nikon wakaleta wa Z, wapigapicha wengi wamehamia kwenye kamera hizo mpya zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi na kuziuza lenzi zao za DSLR, yaani za kamera za zamani zenye kioo hicho, kwa bei ya chini ambayo zamani usingeisikia, na sisi wa mikoani tumepona kwa hilo, maana adapta moja inatosha kuifunga lenzi ya jana kwenye kamera ya leo. Kazi yangu kubwa ni shughuli za akina mama: kesha, kupaka hina, kumpamba bi harusi. Humo ndani wanaume hawaingii, pazia zimeshushwa, taa ni hafifu, na flashi inawaudhi wakubwa. Uwazi wa f/1.8 kwangu si mapambo. Lenzi isiyofanya kazi vizuri ikiwa wazi kabisa, mimi sina matumizi nayo.

Ukungu ulinipata wakati wa masika, kama unavyowapata wengi. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na zikipata giza, mafuta kidogo ya vidole na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, huota juu ya kioo na kutandaza nyuzi zinazofanana na utando wa buibui. Hapa Tanga unyevu wa kiwango hicho hatuutafuti, tunaishi nao. Mwanzoni picha hupoteza tu ukali wa weusi, hasa ukipiga kuelekea dirishani, na mtu hudhani ni mwanga wa siku hiyo. Ukiachiwa, ukungu hutoa asidi inayokula utandu wa kinga uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata ukisafishwa alama hubaki milele. Ndiyo maana sikutaka kusubiri mtu wa kunipelekea lenzi Dar es Salaam, na ndiyo maana niliposikia kuna fundi maeneo ya Ngamiani anayefungua lenzi nilifurahi mno.

Siku ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, nikajiambia ni mtu wa kazi. Aliimulika lenzi kwa tochi, akanionyesha kwamba ukungu umeshika kundi la vioo la katikati na la nyuma, akataja bei ya haki na akaniomba subira. Nilivutiwa na kitu kimoja: hakuniambia habari za kuianika juani wala kuifukia kwenye mchele, ambao huacha vumbi lake mle ndani, ushauri niliokwisha kuupata kwa watu wanaojiita wataalamu. Alisema atafungua na kusafisha kwa dawa, basi. Nilipoirudia baada ya wiki kadhaa, vioo vilikuwa vinang'aa na utandu wa kinga haukuwa na kovu. Katika kuua ukungu yule mzee ni fundi kwelikweli. Nimelisema, na sitalirudia.

Nilikuja kuigundua kasoro kwenye kompyuta, nilipokuwa nachagua picha za shughuli moja ya hina. Bi harusi amekaa katikati, mkono wake wa kulia umenyooshwa hadi ukingo wa kushoto wa picha, na mchoraji ameinama juu yake anamalizia maua ya piko kwenye kiganja. Fokasi niliiweka kwenye mkono huo, si usoni, kwa sababu siku ile mkono ndio uliokuwa habari. Maua yote yalikuwa yamevujika. Hayakuwa na ule ulaini wa kawaida wa kitu kilichokosa fokasi. Kila mstari ulikuwa na kivuli chake kinachoburuzwa upande mmoja, mithili ya kitu kilichotikiswa, ilhali vidole vya mchoraji vilivyokuwa karibu zaidi na katikati vilikuwa safi. Nikafungua nyingine, na nyingine. Kushoto tu, kila mara kushoto.

Kabla ya kumshitaki mtu, nilifanya jaribio ambalo kila mwenye lenzi anaweza kulifanya nyumbani. Nilibandika kurasa za gazeti ukutani, nikaisimamisha kamera juu ya tripodi ikiwa imenyooka sawasawa na ukuta, nikapiga kwa f/1.8 huku nikiweka fokasi kwenye kila pembe yenyewe, moja baada ya nyingine. Pembe za kulia herufi zilisomeka. Za kushoto hazikusomeka hata fokasi ilipokuwa huko huko. Kisha nikaigeuza kamera juu chini na kurudia, na udhaifu ukahamia kwenye safu za gazeti za upande wa pili, yaani ulikuwa unafuata lenzi wala haukubaki kwenye ukuta. Hilo linaondoa kisingizio cha kamera kukaa upande. Nilipobana uwazi hadi f/8 sehemu kubwa ya tatizo ilijificha, kama inavyotarajiwa, lakini nimekwisha kueleza kwamba f/8 ndani ya chumba cha kesha ni giza.

Kinachotokea hapo kinafahamika. Vipande vya kioo ndani ya lenzi lazima vikae kwenye mhimili mmoja, na vingine hupangwa kiwandani kwa pete nyembamba sana za chuma au kwa skrubu za kusawazisha, kila lenzi kwa kipimo chake. Anayefungua anatakiwa aweke alama kila kundi lilikuwa limeelekea wapi na kila pete ilitoka skrubu gani. Akirudisha kwa kukisia, kioo kinaweza kukaa pembeni kwa sehemu ndogo ya milimita, jicho lisione kitu, na upande mzima wa picha ukaharibika. Ni kosa la kibinadamu, na sikuwa nimekwenda kugomba. Nilichapisha zile picha za gazeti, nikaandamana nazo, nikidhani fundi atafurahi kuletewa ushahidi ulioandaliwa badala ya malalamiko matupu.

Aliziangalia kwa muda wa kuvuta pumzi moja. "Binti yangu, hiyo ni f/1.8," akasema. "Pembeni lazima pawe laini." Nikamjibu kwa adabu kwamba ulaini wa kawaida ungekuwa pande zote mbili, mzee wangu, na kwamba kabla ya kufunguliwa lenzi hii ilikuwa sawa, picha za mwaka uliopita ninazo kwenye simu, hizi hapa. Hakuzitazama. Akauliza kama si mimi ninayepiga picha za akina mama ndani. Nikakubali. "Sasa huko nani anatazama pembeni?" akasema. "Wanatazama sura zao." Kulikuwa na wanaume wawili kwenye benchi, wateja kama mimi, wakacheka. Kijana wake anayeshika bisibisi hakucheka, ila aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kijana yule alijua nini.

Kisha likafuata neno lililonifanya niandike haya. Alinirudishia lenzi, akaniambia nisijisumbue: siku hizi kuna akili mnemba, nitie picha kwenye kompyuta, itazinyoosha yenyewe.

Msomaji ataona ajabu kwamba nilikasirishwa na ushauri kuliko kicheko. Nina sababu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujaribu. Nina programu ya kuondoa chenga za picha zilizopigwa gizani, naitumia kila wiki na naishukuru, kwani imeniwezesha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mahali ambapo zamani ningekunja vifaa nikarudi nyumbani. Kwa ule mkono wa bi harusi niliipa kazi ya kurudisha ukali. Ilirudisha kitu. Mistari ilikuja imekatika vizuri, majani yamechongoka, na kwa mtazamo wa haraka ungesema picha imepona. Nilimpelekea mchoraji wa hina nakala yake, kwa sababu huwa anaziweka kwenye simu kuwaonyesha wateja. Alinipigia siku hiyo hiyo kuuliza nimeutoa wapi mkono ule. Maua mawili karibu na kifundo hayakuwa yake, hakuwahi kuyachora, na mshazari unaopita kwenye kiganja ulikuwa umegeuzwa kuwa vidoto. Programu ilipokosa habari ya kutosha kutoka kwenye lenzi, ilichora hina yake yenyewe juu ya mkono wa mtoto wa watu.

Huyo ndiye anayetazama pembeni, mzee. Mchoraji anatazama. Bi harusi anatazama, kwa sababu amekaa saa nyingi bila kukunja kidole ili mkono ule uwe vile. Mama yake mkubwa, aliyekaa ukingoni mwa kila picha kwa kuwa wakubwa ndivyo wanavyokaa, anatazama kuliko wote.

Naelewa kwamba kuna usahihishaji wa kompyuta ulio halali. Lenzi nyingi za kisasa zimebuniwa zikitegemea programu ya kamera kunyoosha mistari iliyopinda na kuangaza pembe zenye giza, na hakuna udanganyifu ndani yake, kwa kuwa umbo la kasoro hizo linajulikana kwa hesabu na ni lile lile kwa kila lenzi ya aina hiyo. Kioo kilichosukumwa pembeni na bisibisi ya mtu hakina hesabu yake kwenye programu yoyote. Kasoro hiyo ni ya lenzi yangu peke yake, imetengenezwa hapa hapa Tanga, na inatakiwa iondolewe pale ilipotengenezewa. Tena tuko katika wakati ambapo watengenezaji wa kamera wanahangaika kuthibitisha picha imetoka wapi: Leica mwaka 2023 walitoa M11-P, kamera ya kwanza yenye mfumo wa Content Credentials, unaotia saini ya kidijitali ndani ya faili wakati ule ule wa kupiga, ili yeyote aweze kuona kilichobadilishwa baadaye. Huku kwetu mtu anayelipwa kutunza vioo ananiambia kilichokuwa mbele ya lenzi si muhimu.

Nilimwomba aifungue tena aipange. Akasema hakuna shida, ila nitalipa upya, kufungua ni kufungua. Hapo nilikuwa karibu kukubali, nakiri, kwa sababu mikono yake nimeiona na najua akitaka anaweza. Katika mji huu simjui mwingine wa kumlinganisha naye, na kwa siku chache nilijisemea kwamba hasira za binti hazifai kuharibu riziki ya mzee. Hata rasimu ya kwanza ya uzoefu huu ilimalizikia kwa kuwashauri watu waende kwake kwa kazi ya ukungu tu na wavumilie maneno.

Nimebadili. Ukungu na mpangilio wa vioo si kazi mbili. Huwezi kuufikia ukungu wa katikati bila kuvitoa vioo, na asiyejali vinarudi vipi hajamaliza kusafisha. Kwa hiyo zile sifa za usafi nilizomwachia hapo juu zina thamani ya lenzi inayopendeza kutazamwa kwenye tochi. Anayelazimika kwenda, kwa sababu masika hayasubiri, apige picha ya gazeti ukutani kabla ya kuiacha lenzi, aende na kamera yake siku ya kuichukua, abandike gazeti lile lile kwenye ukuta wa duka, na asitoe pesa mpaka pembe zote nne zisomeke. Fundi akicheka, acheke wakati pesa bado iko mfukoni mwako.

Yangu sasa inakaa kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na silika jeli na kipimo cha unyevu ninachojitahidi kisipande zaidi ya asilimia 50, na chembe za silika zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi nazikausha kwenye oveni na kuzirudisha. Ninaitumia kwa picha za mtu mmoja aliyekaa katikati. Shughuli za hina narudi kwenye milimita 50 yangu ya bei nafuu, yenye plastiki tupu na sauti ya kukoroma kila inapotafuta fokasi, ambayo fundi hajawahi kuigusa.