Kupandisha Exim hadi 4.94: uzoefu wangu

Seva ya barua pepe ya ofisi yetu ilikuwa ikitumia Exim 4.92, programu ya kupokea na kusambaza barua pepe, juu ya mfumo endeshi wa Debian 10, na faili lake la usanidi sikuwa naligusa ila kwa nadra. Nilipopandisha mfumo hadi Debian 11, unaokuja na Exim 4.94.2, huduma iliwaka bila lalamiko. Nikajaribu anwani mbili kwa exim4 -bt, amri ya kuona barua ya anwani fulani ingeelekezwa wapi, zikajibu vizuri, nikaenda kulala. Asubuhi mhasibu akaniuliza, "Kaka, mbona tangu jana usiku hakuna barua hata moja iliyoingia?"

Barua hazikuwa zimepotea. Zilikuwa kwenye foleni, na katika logi kila moja ilikuwa na neno lilelile, Tainted. Kuanzia 4.94, Exim huhesabu kila kilichotoka kwa mtu wa nje, hata anwani ya mpokeaji, kuwa najisi, na haikubali kitumike kama jina la faili wala la folda. Mimi nilikuwa nikihifadhi barua katika /var/vmail/$domain/$local_part (domeni na jina la mpokeaji, kama mtumaji alivyoyaandika), yaani nilikuwa nimemwachia nisiyemjua anichagulie njia ndani ya diski yangu. Nilinuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikakiri kwamba programu ndiyo yenye haki.

Dawa ni dsearch, aina ya utafutaji iliyomo ndani ya Exim. Exim hulitafuta jina la domeni miongoni mwa folda zilizopo, na likipatikana hulitoa kama $domain_data. Herufi ni zilezile, ila safari hii zimetoka kwenye diski yangu mwenyewe, kwa hiyo ni safi. Jina la mtumiaji nalo likapita njia hiyohiyo na kuwa $local_part_data. Awali nilitumia lsearch, inayotafuta ndani ya faili la orodha, nikapoteza saa nzima, kwa kuwa hiyo hurudisha thamani iliyo kando ya jina, si jina lenyewe. Baada ya hapo exim4 -qf, amri ya kujaribu tena kufikisha barua zilizokwama, ikaisukuma foleni yote.

Kurudi toleo la zamani sikukufikiria, kwani Mei 2021 Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kasoro 21 za usalama katika Exim, na 4.94.2 ndilo lililotolewa kuziziba. Maelezo ya toleo la Debian yalikuwa yameonya haya yote, tena yakataja allow_insecure_tainted_data, inayogeuza makosa kuwa maonyo kwa muda. Sikuyasoma, na ningeyasoma, nadhani ningeiwasha na kuisahau.

Kuhusu exim4 -bt, amri hiyo huishia kwenye uelekezaji, haifiki pale faili linapoandikwa. Siku hizi najitumia barua halisi kutoka nje, na silali mpaka niione kwenye folda.