Mpira wa maji unaojipasha joto: nyota nne kati ya tano

Naishi kwenye trela huku Williston, North Dakota, Marekani, kazi yangu kuendesha lori kwenye visima vya mafuta. Januari ya huku haina adabu. Usiku nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Mpira huu wa futi 25, wa kuleta maji kwenye trela, una waya wa joto uliopita ubavuni na kidhibiti kinachouwasha chenyewe baridi ikikaribia kiwango cha kuganda. Unachomeka kwenye plagi ya kawaida ya volti 120, basi. Asubuhi nafungua koki, maji haya hapa. Jirani aliyeamua kujifungia waya na sponji kwenye mpira wa kawaida bado hunibishia hodi na ndoo.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya ncha. Joto halifiki kwenye kiungio cha shaba, na hapo ndipo barafu huanzia. Nimeviringisha sponji ya bomba na tepu, sasa mambo shwari. Kwa bei ya dola mia na ushee, wangeliweka wenyewe!

Mabomba ya chini ya trela hayamo kwenye dili hili. Hayo yanataka kuzibiwa upepo pande zote na hita. Ukienda nyumbani Desemba, mwaga maji yote na utie ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ya propilini glaikoli. Ile ya kijani ya injini ni sumu. Na mpira ukiwa umewashwa usiuache umejikunja juu ya wenyewe, utaungua.