Dawa Chungu ya Kuzuia Paka Asitafune Maua: Uzoefu Wangu

Naipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni kwa sababu dawa hii ilinichekesha.

Nazungumzia ile dawa ya kupulizia inayokuja kwenye chupa yenye pampu, imeandikwa kwamba inamzuia mnyama kutafuna. Niliinunua sh 35,000 kwa muuzaji wa vitu vya paka na mbwa, bodaboda akaileta hadi getini. Kilichomo ndani ni denatoniamu, kitu kilichogunduliwa Uskoti mwaka 1958 na kinachohesabiwa kuwa kichungu kuliko vyote vinavyojulikana. Ndicho wanachotia kwenye spiriti za viwandani ili watu wasizinywe. Akina mama wakitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri. Dawa hii ina hesabu hiyohiyo, ila imetoka kiwandani na haina harufu.

Naishi ghorofani Upanga, na paka wangu Chausiku hashuki chini. Paka wa nyumba yenye uwanja akitaka majani anajichumia ukoka nje, wala hakuna anayejua. Wa ghorofani ukoka wake ni maua ya sebuleni. Na hiyo hamu si ugonjwa wala njaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliwahoji zaidi ya watu 1,000 wenye paka, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kuwa asilimia 71 ya paka hao walishaonekana wakila majani mara sita au zaidi. Wengi wao walikuwa wazima kabisa kabla ya kula. Ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Sasa, inafanya kazi? Siku ya kwanza, sana. Paka haonji utamu wa sukari kabisa, lakini uchungu anaujua vizuri. Chausiku alilamba jani moja, akarudi nyuma, mate yakaanza kumtoka mpaka povu. Nusura nimpigie daktari wa mifugo. Kumbe ndivyo paka wanavyofanya wakionja kitu kichungu. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala juu ya friji akinitazama kama mtu anayedai fidia. Jioni shemeji yangu akaja, akapapasa majani akiyasifia, kisha akachukua kipande cha embe. Uso aliokunja sitausahau. Kwa hiyo nawe ukipulizia, nawa mikono kwa sabuni, na usipulizie karibu na meza ya chakula.

Shida ilianza baadaye. Dar ina vumbi, na maua ya ndani lazima uyafute majani la sivyo yanafubaa. Ukifuta, umefuta na dawa. Halafu mmea unatoa majani mapya, na jani jipya halina dawa. Paka anajua. Chausiku alikuwa anapita majani makubwa yote, anakwenda moja kwa moja kwenye kile kichomozo laini cha katikati, ambacho ndicho nilichokuwa nakingojea kwa hamu. Chupa inaisha, mmea unaendelea kuota, na bado paka anataka majani.

Jambo jingine: kuna dawa za aina hii zilizochanganywa na spiriti, na hizo huunguza majani laini. Yangu ni ya maji, lakini hata hivyo nilijaribu jani moja kwanza, na napulizia jioni, si saa za jua la dirishani.

Kilichomaliza ugomvi ni ngano. Ngano nzima, ile ya punje, kilo haifiki elfu tano. Loweka usiku mmoja, mwaga punje kwenye kopo pana lenye udongo, funika kidogo, weka karibu na dirisha. Ndani ya wiki una bustani ndogo ya kijani. Ikifika urefu wa kidole, mpe paka. Chausiku alilivamia kopo na maua akayasahau, si kwa asilimia mia, lakini kwa kiasi cha mimi kuishi naye kwa amani. Panda makopo mawili kwa kupishana, maana akishamaliza moja hana subira. Angalia mambo mawili unaponunua. Ngano ya bokoboko nyingi imekobolewa, haioti. Ulizia yenye ganda. Na mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi zina dawa ya kuua kuvu na wadudu, hizo usimpe mnyama. Kwa joto letu, mwagilia kwenye udongo tu, vinginevyo ukungu utakuwahi.

Kuna maua ambayo dawa hii isikudanganye uyaache sebuleni. Lili za kwenye mashada ya harusi ndizo mbaya kuliko zote: zinaua figo za paka, na hata unga wa ua au maji ya chombo chake yanatosha kumdhuru. Saikasi inaharibu ini. Waridi la jangwa lina sumu ya moyo. Mani planti, monstera, difenbakia na ZZ, ambayo kwa asili ni mmea wa ukanda wetu huuhuu, vina chembe kali zinazochoma mdomo na koo. Haviui kirahisi, ila paka atateseka. Mshubiri wenyewe nao unamtapisha na kumharisha, kwa hiyo usije ukapata wazo la kupaka shubiri badala ya dawa ya dukani. Mimi lili siingizi ndani tena hata kama ni zawadi, na mani planti nimeitundika kwenye kamba ya katani darini, mbali na kabati lolote la kurukia.

Yaliyobaki chini ni yale yasiyo na madhara: spaida planti, kangaga, na ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892 na leo linauzwa dunia nzima. Hayo akiyang'ata, hasara ni yangu, si ya afya yake.

Jirani wa mlango wa pili alinipa ushauri wake: pilipili ya unga, naftalini, mafuta ya limau, masalia ya kahawa. Nilimshukuru, sikutumia hata kimoja. Pilipili inaishia machoni mwa paka, na hivyo vingine ni sumu kwake. Maganda ya chungwa yanamsogeza kidogo mpaka yakauke, basi.

Je, ninunue tena? Kwa maua, hapana. Hela hiyo ni ngano ya miezi. Ila chupa sijaitupa, kwa sababu Chausiku anapenda pia waya za chaja, na waya hauoti majani mapya. Chomoa kwanza kwenye umeme, lowesha kitambaa, fikicha waya wote, uache ukauke kabisa ndipo uchomeke tena.