Mshauri wa ajira Kalemie: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Nauza chumvi ya Uvinza na saruji. Stoo ya kwanza iko Mwanga hapa Kigoma, ya pili nimefungua Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nawaandikia wenzangu mnaopakia mzigo Kibirizi na mnaofikiria kuweka mtu upande wa Kongo, kwa sababu mimi nilianza vibaya.

Mwanzoni sikutafuta mshauri. Watu wa Kalemie wanaongea Kiswahili, tunapatana bei bila mkalimani, na tangu 2022 Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nikaona hata ajira itakuwa ileile. Nikachukua vijana wawili wa kubeba na mmoja wa kutunza stoo, wote kwa malipo ya kutwa, kama tunavyokaa na vibarua huku. Miezi mitatu baadaye mzigo ukapungua, nikamwambia mtunza stoo apumzike. Akanijibu kwa adabu, "Patroni, mimi si mtu wa siku tena." Akaenda kwa mkaguzi wa kazi, na mkaguzi akamwambia ana haki.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 iko hivi: kibarua wa kutwa akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukamchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa mwajiriwa wa mkataba usio na kikomo. Kumwachisha kunataka sababu ya msingi na notisi ya siku 14 za kazi, na kila mwaka kamili aliotumikia unaongeza siku 7. Nililipa. Kijana yule sina kinyongo naye hata kidogo, alidai kilicho chake.

Ndipo nikaelekezwa kwa mshauri, nikamlipa dola 250. Alifanya kazi nzuri kwenye makaratasi. Alinieleza kwamba mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka miwili, na usipouandika unachukuliwa kuwa hauna kikomo. Akapeleka mikataba kugongwa muhuri kwenye ofisi ya taifa ya ajira, ONEM, akafuatilia vyeti vya daktari, akaniandikisha CNSS, mfuko wao wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako mwajiri anachangia asilimia 13 na mfanyakazi anakatwa 5. Wiki tatu, kila kitu na risiti yake.

Zaidi ya hayo, alinifundisha kuishi na watu. Kule mtu mzima anaitwa Papa au Mama hata kama wewe ndiye unayemlipa, na huanzi kutoa amri kwenye simu kabla hujauliza nyumbani wameamkaje. Pesa ya nauli ya kila siku iandikwe kwenye mkataba, isibaki hisani ya patroni. Hata saa alinikumbusha: nikipiga saa moja asubuhi, Kalemie ni saa kumi na mbili, mtu bado anajiandaa.

Likizo niliamua mwenyewe. Kwetu sheria inatoa siku 28 kwa mwaka, kule inaanzia siku moja ya kazi kwa kila mwezi. Nimewapa wote 28, siwezi kuwa na wafanyakazi wa daraja mbili kwa sababu ya ziwa.

Kasoro yake kubwa ni matibabu. Mwezi wa nne mtoto wa mtunza stoo mpya alilazwa, bili ikaletwa kwangu. Nilidhani naombwa msaada. Nilipompigia mshauri akasema, bila hata kushtuka, kwamba sheria inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto. Jambo zito kama hilo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye maongezi yetu. Ningejua mapema ningekubaliana bei na zahanati, na yule baba asingehangaika siku mbili akiwa na mtoto wodini huku mimi nauliza maswali.

Kingine, mikataba alinipa kwa Kifaransa tu. Tafsiri ya Kiswahili ililipiwa dola 40 zaidi, na wafanyakazi wangu wawili walikuwa wameshasaini kabla haijafika. Hilo liliniuma.

Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nitarudi kwake. Mwezi ujao naajiri mama mmoja wa kushika hesabu, na nimeshamwambia mshauri: nakala ya Kiswahili imfikie huyo mama wiki moja kabla ya kusaini, na zahanati ya kumtibu yeye na wanawe iandikwe kwa jina ndani ya mkataba.