Duka la kuprinti jezi Ngamiani, jamaa hakurupuki

Wana Tanga, kama unataka jina mgongoni nenda hapa Ngamiani, ila jamaa ana masharti yake. Mimi nilienda na jezi yangu ya Man U na elfu kumi mkononi nikitaka jina la mchezaji aliyekuwa anavuma mitandaoni, akanigomea kabisa, eti "bro, klabu ikitangaza ndo urudi". Nikakasirika, nikamwambia si hela yangu, akacheka tu akanikumbusha ya kipa wa Man U, De Gea, 2015, dili na Real Madrid limeshakubaliwa, karatasi zikachelewa dirisha la usajili la Hispania likafungwa, mtu akabaki Old Trafford, sasa we ushabandika jina lake kwenye jezi ya Madrid unaiweka wapi hiyo jezi? Nikaona kweli, siku ya mwisho ya usajili ndo ina mambo, tarehe 31 Januari 2011 Torres anatoka Liverpool kwenda Chelsea pauni milioni 50, hapohapo Liverpool wanamchukua Carroll kwa 35, muda wa kufikiri hamna, muuzaji anakubana bei anavyotaka. Wanaosajili mapema mchezaji angalau anapata mazoezi na wenzake.

Basi nikaweka jina lingine, na kazi yenyewe safi, herufi zimenyooka, nimefua kama mara sita hazijabanduka. Kinachoniudhi foleni ya Jumamosi Coastal Union wakiwa na mechi uwanja wa Mkwakwani, na chenji hana kamwe, utasikia "kaulize kwa muuza kahawa pale". Namba 7 yangu kaiweka chini kidogo, nimemsamehe.

Nyota 4.